Masale Aliyopanda Mgeni

Asifiwe Mungu aliyewaongoza babu zetu kuupanda mlima huu wa Meru nao wakiwa wageni, akawapa maji na udongo mweusi, akatunyima sisi wajukuu wao sababu ya kujiita wenyeji wa milele. Asifiwe kwa miguu yangu ambayo bado inanifikisha kanisani, na kwa magoti yangu, ambayo siku hizi yanakubali kupigwa lakini yanagoma kuinuka. Kwake natoa shukrani kabla sijaandika neno juu ya kazi yangu, kwa maana kazi yenyewe haikuwa yangu.

Wapokezi vijana wa usharika wetu wameniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiwapokea wageni, kwa kuwa sasa nimestaafu uinjilisti na kigae changu cha kubebea makaa kimetundikwa jikoni. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza halikutokea mara nyingi, na la pili nimekwisha kulisamehe kanisa.

Niseme kwanza kazi ilikuwa nini. Mashamba makubwa ya kahawa na mkonge chini ya mlima yalikuwa yakileta watu kutoka mbali, Singida, Kondoa, Unyamwezi, hata Urundi. Waliletwa kwa malori, wakapewa kipande, ile kadi ya siku za kazi, na chumba kambini. Mkataba ulipokwisha, au mwili ulipochoka kabla ya mkataba, lori la kuwarudisha halikuwa na haraka kama lile lililowaleta. Wengine wakabaki. Walipanda kwetu, upande wa chini ya Nkoaranga, wakiwa na mkeka na sufuria na lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mchungaji wetu akaona si vizuri watu hao wapite milangoni mwetu kama upepo, akaomba watu wa kujitolea. Kila mpokezi alipewa familia moja, awe rafiki yao mpaka waweze kusalimia njia nzima bila kusaidiwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwinjilisti, niliwekwa kuwaangalia wapokezi.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa kijana aliyetoka kusomea dini, na nilikuwa na hotuba. Familia ilitoka Singida, baba, mama na watoto, wameketi nje ya kibanda cha mbuzi walichoazimwa. Mchungaji alinituma pamoja na Bibi Nasinyari, mjane na mkunga, mwanamke mfupi aliyetembea kama anayefukuzwa. Nilifungua Biblia pale Ibrahimu anapowapokea wageni watatu. Nikasoma, nikaanza kufafanua. Manyunyu yakaanza nayo.

“Ibrahimu aliwafanyia nini kwanza?” Bibi Nasinyari akaniuliza katikati ya maelezo.

“Aliagiza maji, wanawe miguu.”

“Na wewe umeleta maji?”

Sikuleta. Yeye alikuwa amebeba ndizi za kupika kichwani, na mkononi kigae cha chungu chenye makaa ya jikoni kwake, yamefunikwa majivu. Akainama, akapanga mawe, akapuliza.

“Endelea na Ibrahimu,” akaniambia kati ya pumzi mbili. “Sisi tunapika.”

Baba wa Singida hakujua neno la Kimeru, lakini hilo alilielewa, akacheka. Nikafunga Biblia, nikaenda mferejini kuteka maji.

Tangu siku hiyo nilifundishwa kazi na Bibi Nasinyari. Alisema moto wa mgeni lazima utoke jikoni kwako, usimpe kiberiti, maana kiberiti hakina jirani. Kigae kiwe kipana, cha chungu kilichovunjika chenyewe, na makaa yawe ya mti mgumu ili yasizimike njiani. Alisema mgeni asiulizwe alikotoka kabla hajala, na asiulizwe kamwe ataondoka lini. Siku ya pili aonyeshwe mfereji, wapi pa kuteka na wapi pa kufulia, kwa sababu anayefua nepi juu ya mahali pa kuteka atakuwa na maadui kutoka kwetu mpaka Tengeru. Siku zinazofuata atembezwe njiani, asimame kila mlango, ataje jina lake, amjue mbwa wa kila nyumba naye mbwa amjue. Bibi Nasinyari mwenyewe alijifunza salamu za makabila mengi, na zote alizitamka kwa Kimeru. Hakuna mgeni aliyemwelewa. Hakuna mgeni aliyemsahau.

Sasa niwaambie jambo ambalo hotuba za kanisani huliruka. Kazi hii ni ya hofu. Mgeni anaogopa askari, kwa sababu asiye na kipande kilichojazwa aweza kuulizwa barabarani anatafuta nini, na jibu lolote likawa baya. Mwenyeji anaogopa kwa ajili ya shamba lake. Mpokezi yuko katikati, anaogopa kwa ajili ya wote wawili, na nyumbani mke wake anamwogopea yeye. Miaka yangu yote sikuwahi kusikia mtu anabisha hodi asubuhi mapema bila kwanza kuchungulia kwenye ufa wa mlango.

Na hofu ya shamba haikuwa ujinga. Serikali ya mkoloni ilikuwa imewahamisha watu wetu wengi upande wa kaskazini wa mlima, kwa nguvu, ili nchi ile wapewe wageni wa aina nyingine, ambao hawakuhitaji mpokezi wala makaa. Mmoja wa waliohamishwa alikuwa Mzee Lazaro. Alipoteza malisho na nyumba ya pili huko, akarudi kwenye kihamba cha baba yake, shamba la migomba na kahawa lililomtosha mtu mmoja, naye alikuwa na wana wawili watu wazima. Nilimheshimu sana. Alikuwa mtu wa maneno machache na koti refu, na aliimba besi kanisani kama anayesukuma jiwe.

Ndiye niliyemwendea alipokuja Nzeyimana.

Nzeyimana alikuwa Mrundi. Alikata mkonge mpaka akapata kikohozi, akahamia shamba la kahawa, na huko nako msimamizi akamwona anakohoa, akampa chumba chake mtu mwingine. Alipanda mlima na mkewe Anastazia, mwenye mimba kubwa na rozari shingoni. Wazee wawili wa kanisa waliuliza kama inafaa tuwapokee Wakatoliki. Mchungaji akawauliza njaa yao ilikuwa ya dhehebu gani, na mjadala ukaisha.

Mzee Lazaro alinisikiliza huku anapogoa mibuni.

“Wakae pale kona ya chini, kwenye kibanda,” akasema mwishoni. “Mpaka mtoto azaliwe na akaze shingo. Ninampa kivuli, Mwinjilisti. Sikia vizuri. Kivuli.”

“Kivuli tu, mzee. Mungu akubariki.”

“Mungu anibariki na mvua isizidi.”

Nilibeba makaa mwenyewe. Bibi Nasinyari akawa mpokezi wao pamoja nami, kwa sababu ya ile mimba. Tuliwaonyesha mfereji, tukawatembeza milango yote. Nzeyimana alijua Kiswahili cha mashambani na alikitumia kidogo kidogo, kama mtu anayetumia chumvi ya kuazima. Lakini mikono yake ilisema sana. Alizibua mfereji bila kuambiwa. Alipanga mawe kwenye mteremko uliokuwa ukiteremsha udongo wa Lazaro kila masika. Baada ya muda nilimkuta Lazaro mwenyewe amesimama kumtazama.

“Huyu Mrundi wako analima kama anayetoroka,” akaniambia. “Nikimwacha atalima mpaka barabarani.” Na akatabasamu, jambo ambalo kwake lilikuwa adimu kama theluji ya Meru.

Nilipaswa kufurahi. Lakini kila nilipomwona Nzeyimana anafanya zaidi ya alichoombwa, moyo wangu haukutulia, wala sikujua kwa nini.

Kisha asubuhi moja katikati ya masika, Bibi Nasinyari alifika kwangu bila hodi na bila salamu. Yeye, aliyesalimu hata mbuzi.

“Umepita kwa Lazaro?”

“Bado, bibi. Shikamoo. Mtoto amekuja?”

“Heri ingekuwa mtoto. Vaa viatu.”

Tuliteremka tukishikilia migomba kwa utelezi. Kibanda cha kona kilikuwa kimezungukwa. Pande tatu, vipandikizi vya masale vimesimama kwenye tope, vimenyooka, na upande wa njiani pameachwa nafasi nzuri ya mlango. Nzeyimana alikuwa anakandamiza udongo kwenye shina la mwisho. Tope lilimfika viwikoni, na uso wake uling'aa kuliko siku zote nilizomjua.

“Shikamoo, Mwinjilisti! Ona. Sasa ni nyumbani.”

Ninyi mnaosoma mkiwa mmezaliwa hapa mmekwisha kushtuka. Kwa ajili ya wengine nieleze. Sale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwetu ndiyo alama ya mpaka. Mipaka yote ya vihamba imesimama juu yake. Anayelipanda amesema mbele ya Mungu na mbele ya waliozikwa pale kwamba hapa ni pangu. Na likishapandwa, mtu hawezi kuling'oa peke yake. Hung'olewa mchana, mbele ya mshili, ambaye ni mkuu wa ukoo, na wazee wakishuhudia. Anayeling'oa kwa siri amejilaani, na hakuna atakayemwazima hata jembe. Hayo hakuna aliyemwambia Nzeyimana, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kuambiwa. Tuliyanyonya na maziwa ya mama.

“Vipandikizi umetoa wapi?” nikamuuliza.

“Pale juu, kwa mzee. Yapo mengi. Nimekata machache machache, yasionekane.”

Yaani alikata mpaka wa Lazaro, akaupanda ndani ya kihamba cha Lazaro. Bibi Nasinyari aliketi juu ya jiwe.

“Kwa nini, mwanangu?” nikasema. “Nani alikutuma?”

Akatutazama, mng'ao ukamtoka. Akaeleza kwa shida, akitafuta maneno. Kwao Urundi, alisema, nyumba isiyo na rugo si nyumba. Rugo ni uzio wa mimea unaozunguka boma. Ndani yake ni watu, nje yake ni pori. Mwanamke hazai nje ya rugo, kwa maana mtoto wa nje ni wa pori, atatangatanga maisha yake yote. Anastazia alikuwa amelia wiki nzima kwa sababu hiyo. Naye alikuwa ametazama milango yote tuliyompitisha, akaona kila nyumba yenye heshima ina mmea huu.

“Nilifanya kama ninyi,” akasema.

Mzee Lazaro alifika na wanawe wote wawili nyuma yake. Alipita akihesabu mashina kwa macho, polepole. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha.

“Kule kaskazini walikuja na kamba na vigingi,” akasema. “Huyu amekuja na makaa yako, Mwinjilisti.”

“Mzee, hakujua. Kwao...”

“Na wale nao waliniambia kwao ni hivyo.”

Mwanawe mkubwa akamcheka Nzeyimana usoni. “We Mrundi, mbona umeacha mlango? Ungefunga tu, sisi tupitie juu!”

Nzeyimana alielewa kwamba amekosa, ingawa hakuelewa nini. Akashika shina la kwanza ili aling'oe. Tulipiga kelele sote kwa pamoja, Lazaro, wanawe, Bibi Nasinyari na mimi. Akaliachia kama lililomwunguza. Hapo ndipo tulipokuwa. Masale hayawezi kubaki, na hayawezi kutolewa. Lazaro akasema atamwita mshili keshokutwa, masale yatatoka kwa utaratibu, na mtu aliyeyapanda atatoka nayo.

“Na mkewe, mzee? Siku zake zimefika.”

“Nilisema kivuli,” akajibu, akaondoka.

Siku ile na iliyofuata sikuweza kula. Habari ilipanda mlima haraka kuliko moshi. Sokoni walisema wapokezi tunaleta watu wa kutunyang'anya vihamba. Wanawake watatu wa kundi letu waliniletea vigae vyao, wakaviweka mlangoni bila kuingia. Na nilijua kilichomngoja Nzeyimana akifukuzwa: barabara ya Arusha kwenye mvua, kikohozi, mke wa kujifungua njiani, hana kipande, na askari anayeuliza. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya korongo, na mto ulikuwa umejaa, magogo yanapita. Niliomba. Nilipomaliza kuomba nilikuwa na hofu ileile, ila sasa Mungu alikuwa anaijua.

Nikaenda kwa Bibi Nasinyari.

“Nzeyimana ampelekee Lazaro jani la sale,” akasema.

Nalo hili liko kwetu. Sale ni mpaka, na jani lake ni amani. Aliyekosa akikuletea jani la sale kwa mikono miwili huwezi kumrudisha, hata kama amekuulia ng'ombe.

“Jani la wapi, bibi? Akichuma kwenye yale aliyopanda, amekiri kwamba ni yake. Akichuma kwa Lazaro, ameiba tena. Hana sale.”

“Ndiyo,” akasema. “Hana. Wewe unalo.”

Kumpa mtu jani la mpaka wako aombe nalo amani ni kusema ametoka kwako. Ni ndugu yako. Kosa lake lijalo litabisha hodi kwako, na kama hana pa kwenda atakwenda kwako. Kihamba changu kilikuwa kidogo kuliko cha Lazaro.

Nyumbani, mke wangu Naemi alikuwa akimenya ndizi. Nilimweleza yote. Hakuacha kumenya.

“Ukimpa, wakifukuzwa watalala hapa.”

“Ndiyo.”

“Na wana wetu wakikua, watatuuliza.”

“Watatuuliza.”

Akamaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitia majini. “Basi chagua jani lililonyooka,” akasema. “Usimpe lililoliwa na wadudu, watu wakatusema.”

Siku ya mshili ilikuja na mvua. Wazee walisimama kwenye kona ya Lazaro wamejifunika magunia na makoti, na watu wengi kuliko nilivyotaka walisimama njiani. Nzeyimana alitembea mbele yao, akapiga magoti kwenye tope, akanyoosha jani kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha.

Mzee Lazaro aliinama kuliangalia.

“Limetoka kihamba cha nani hili?”

“Changu,” nikasema.

Minong'ono ikapita nyuma yangu. Mwanawe mkubwa akataka kusema kitu, baba yake akamtazama, akakimeza.

“Kwa hiyo ni ndugu yako.”

“Ni ndugu yangu, mzee.”

Lazaro akalichukua jani. Akalitia ndani ya koti, upande wa kifuani, lisilowe. “Nimesamehe,” akasema. “Mshili na wote mmesikia. Lakini kusamehe si kugawa. Masale yatoke, na yeye leo aende kwa ndugu yake.”

Alisema haki. Mshili aliomba, akang'oa shina la kwanza. Wazee wakafuata, shina baada ya shina, wakiyalaza kwa heshima kando ya njia. Mashimo yakajaa maji papo hapo. Nilipokuwa nafikiria jinsi ya kumpandisha mama mjamzito kwenye njia ya utelezi mpaka kwangu, shina la mwisho likatoka, na kutoka kibandani tukasikia Anastazia akilia kwa sauti ambayo kila mwanamke pale aliitambua.

Bibi Nasinyari aliingia. Akatoka.

“Haendi popote. Mtoto yuko mlangoni.”

Kwa hiyo wanaume tukarudi nyuma hadi njiani, kama ilivyo desturi, tukangoja. Tulingoja zaidi ya inavyopasa. Nilimwona Bibi Nasinyari akitoka tena, na miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwa nimeuona uso wake hivyo.

“Anajizuia,” akamwambia Nzeyimana. “Ameshika nguzo, anasukuma mtoto arudi. Anasema nini huyu?”

Nzeyimana hakuwa na haja ya kusikiliza. “Ametazama nje,” akasema. Machozi na mvua vilikuwa kitu kimoja. “Ameona rugo imetoka. Anasema hawezi kuzaa porini. Anasema afe naye ndani, kuliko mtoto azaliwe nje.”

“Akiendelea hivi ndivyo itakavyokuwa,” akasema Bibi Nasinyari.

Aliwatazama wazee. Alitazama masale yaliyolazwa, ambayo hakuna mtu angeweza kuyarudisha. Kisha akayatazama mashimo.

“Naemi,” akamwita mke wangu. “Njoo usimame hapa.”

“Wapi, bibi?”

“Hapa. Kwenye shimo. Vua kanga ya juu, ishike pamoja na mwenzako.”

Naemi akaingia kwenye shimo, maji yakamfika kwenye vifundo. Akaja mpokezi mwingine. Akaja mwingine, mmoja wa wale walionirudishia vigae. Hakunitazama. Walisimama mmoja kila shimo, mgongo kwa mvua na uso kwa kibanda, kanga zimeunganishwa mkono kwa mkono, pande zote tatu, na upande wa njiani wakaacha mlango. Mmoja wao akaanza kuimba, na wengine wakapokea. Bibi Nasinyari aliinua pazia la kibanda ili Anastazia aone.

Lakini hawakutosha. Kona ya chini, unakoingia upepo, shimo moja lilikuwa tupu, na kanga mbili zilipigwa huku na huku bila kufika. Niliona Anastazia ameligeuzia macho shimo lile tu.

Mzee Lazaro alitoka kati yetu. Aliteremka taratibu, akipima kila hatua kwenye utelezi, akazunguka nje ya kanga zote mpaka kona ya chini. Akaingia kwenye shimo na viatu vyake. Akageuka, akakipa kibanda mgongo kama anavyopaswa mwanamume, akanyoosha mikono akashika kanga ya huku na ya huku.

Mshili akashtuka. “Lazaro! Huko ni kwa wanawake.”

“Hili ni shamba langu,” Lazaro akajibu bila kugeuka. “Ulitaka nisimame wapi?”

Kisha akaanza kuimba besi.

Sijui tulingoja muda gani. Najua nilikuwa nikiomba bila maneno, na kwamba Nzeyimana alinishika mkono akauumiza. Kisha wimbo ukakatika kwa sababu kila mtu alikuwa amesikia kilio, chembamba, cha hasira, cha mtu aliyesumbuliwa. Bibi Nasinyari akatokea mlangoni, mikono imefunikwa, amechoka kama aliyepanda mlima mara mbili.

“Msichana,” akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kutosha kufika njiani: “Amezaliwa ndani.”

Hakuna aliyeondoka shimoni mara moja. Lazaro aliachia kanga, akatoa kiatu kimoja topeni, halafu cha pili. Alipopita karibu nami akasimama.

“Mpaka akaze shingo,” akasema. “Ndivyo tulivyopatana, au umesahau?”

“Sijasahau, mzee.”

“Basi usinitazame hivyo.”

Mtoto alikaza shingo, na masika yakaisha. Nisiwadanganye kwamba hofu ilikwisha. Mpaka siku ile familia ilipopata mahali pao pa kulima, nchi kavu huko chini, sikulala vizuri. Siku walipohama nilichukua kigae changu nikateremka kuwapelekea makaa. Nilichelewa. Jiko lilikuwa tayari linawaka. Nzeyimana aliniambia kwamba alfajiri alikwenda mwenyewe kwa Mzee Lazaro kuomba moto, na mzee akamchagulia makaa moja moja, akimkemea kwamba kigae chake ni chembamba. Nyumba ilikuwa imezungushiwa uzio wa minyaa, mmea ambao kwetu haumaanishi chochote. Aliuliza kwanza. Aliuliza watu wengi, alisema, mpaka wakamchoka.

Wapokezi, wanangu, mnapomfundisha mgeni, msifikirie tu yale mliyofundishwa. Tafuteni yale mliyoyanyonya, ambayo hamkumbuki kama mliwahi kutoyajua. Hapo ndipo atakapojikwaa. Na mwulizeni naye kwao mtoto huzaliwa ndani ya nini.

Bibi Nasinyari amelala makaburini penu, chini ya kanisa, na Mzee Lazaro hayuko mbali naye. Kigae kiko jikoni kwangu. Atakayekitaka aje akichukue, ila asikioshe sana.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akupe moto unapofika mahali pageni, na mtu wa kuupuliza pamoja nawe. Mipaka yako aisimamishe kwa haki, na pale palipong'olewa akupe watu wa kusimama. Wanao wote wazaliwe ndani. Amina.